Jinsi ya Kujenga Mfano wa Rolakosta ya Umeme Juu ya Meza

Rolakosta, ile treni ya kuburudisha inayopanda na kushuka vilima kwenye bustani za burudani, ikiwa ya kawaida haina tofauti kubwa na jiwe lililopandishwa mlimani kisha likaachiwa. Mnyororo huiburuta treni hadi kileleni, unaiachia, na kuanzia hapo treni hutumia ule urefu iliopewa mpaka uishe. Ndiyo maana kilima cha kwanza huwa kirefu kuliko vyote vinavyofuata.

Rolakosta ya umeme ni jamii nyingine. Mota zimepanda ndani ya treni, na umeme zinaunyonya kutoka kwenye vyuma vinavyoifuata reli mwanzo hadi mwisho. Mnyororo hauna kazi hapo. Treni hiyo inaweza kupanda kilima cha mwisho kilicho kirefu kuliko cha kwanza, na ikimaliza mzunguko, mwendeshaji anaweza kuiacha ipite stesheni bila kusimama, izunguke tena mara ya pili au ya tatu. Kampuni ya Mack Rides ya mji wa Waldkirch, Ujerumani, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1780, ndiyo iliyoieneza zaidi aina hii. Muundo wake mmoja uliitwa Blauer Enzian, jina la ua la buluu la milimani. Bustani ya burudani ya Europa-Park, Ujerumani, ilifungua ya kwake, Alpenexpress, mwaka 1984. Canada's Wonderland, bustani ya burudani ya Kanada, ilikuwa na Blauer Enzian tangu 1981, ikaihamishia kwenye mlima wake wa bandia mwaka 1986 na kuiita Thunder Run. Alton Towers ya Uingereza ina Runaway Mine Train tangu 1992, na Efteling ya Uholanzi ilifungua Max & Moritz, reli mbili kwa mpigo, mwaka 2020. Hazina mizunguko ya kichwa chini wala kasi ya kutisha, lakini mtoto na bibi yake wanapanda behewa moja na wote wanashuka wakicheka.

Kwa anayetaka kujenga mfano mdogo, aina hii ndiyo ninayoipendekeza. Mfano wa rolakosta inayotegemea mteremko huuawa na msuguano: kitreni chepesi kinapoteza nguvu haraka mno, na utakesha ukipangusa beringi ili kifike mwisho. Cha umeme hakina ugonjwa huo. Kina wake, nao ni mguso. Umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua, treni inashtuka au inasimama katikati ya kilima. Karibu kila uamuzi katika mwongozo huu umefanywa kwa ajili ya mguso huo.

Vipimo tutakavyofuata: uwiano wa 1 kwa 24 (yaani mfano ni mdogo mara 24 kuliko rolakosta halisi), meza ya sentimita 200 kwa 100, reli yenye urefu wa mita 6 hivi, upana wa mm 40 kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine, kona isiyopungua nusu kipenyo cha sm 25, na mwinuko usiozidi nyuzi 12.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kilima kabla ya kukata chuma

Watu wengi huanza na mota kubwa wakidhani nguvu ndiyo tatizo. Mota ndogo inatosha. Kinachogoma kwanza ni magurudumu, yanayozunguka bure huku treni imeganda.

Chukua treni ya mabehewa manne: mawili yana mota, kila moja gramu 110, na mawili hayana, kila moja gramu 60. Jumla ni gramu 340. Kwenye mwinuko wa nyuzi 12, uzito huo unaivuta treni nyuma kwa nguvu ya nyutoni 0.7 hivi. Ongeza 0.1 ya msuguano wa ekseli, tunapata 0.8. Sasa upande wa pili: mpira juu ya chuma kikavu unashika kwa kiasi cha 0.6 ya uzito unaoukandamiza. Mabehewa yenye mota yana gramu 220, kwa hiyo yanaweza kusukuma kwa nyutoni 1.27 kabla ya kuteleza. Tumepita, na akiba ipo.

Hebu ondoa mota kwenye behewa moja. Mshiko unashuka hadi karibu 0.63, nao mlima unadai 0.8. Hata ukifunga mota yenye nguvu mara kumi, treni haipandi. Katika mfano wangu wa kwanza nilibadilisha mota tatu kabla sijaketi na kalamu kupiga hesabu hii ya dakika mbili.

Kanuni ya haraka ni hii: gawanya uzito wa mabehewa yenye mota kwa uzito wa treni nzima, zidisha kwa 0.6, kisha linganisha na mwinuko wako, yaani sentimita ngapi juu kwa kila sentimita moja ya kwenda mbele. Mwinuko ukikaribia jibu hilo, ama uulaze, ama uongeze mota kwenye behewa jingine.

Hatua ya 2: Chora reli kwa ukubwa wake halisi

Tandika karatasi juu ya meza nzima uchore. Mpango wangu ni rahisi: stesheni upande wa mbele, nusu duara kushoto, kisha mwinuko wa sm 120 upande wa nyuma unaokufikisha karibu sm 22 juu. Upande wa kulia reli inazunguka mara moja na nusu ikishuka kama ngazi ya kuzunguka, halafu inadondokea mbele, inaruka kilima kidogo na kurudi stesheni.

Pale reli inapopita juu ya reli nyingine, acha nafasi ya sm 8 kutoka juu ya reli ya chini hadi tumbo la ile ya juu. Treni ya kimo cha sm 6 inapita bila kugusa, na bado kuna nafasi ya kichwa cha abiria wa plastiki ambaye utamgundisha baadaye ukiwa umeshasahau kupima.

Kuhusu kulaza reli kwenye kona: kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde kwenye kona ya sm 25, fizikia inadai nyuzi 6 tu. Macho yanadai zaidi. Mimi hulaza nyuzi 10 hadi 12, na treni haianguki kwa sababu ina vigurudumu vya kuikamata chini ya reli. Usivuke hapo. Treni ikipita taratibu kwenye kona iliyolala nyuzi 30 inaonekana kama imelewa.

Hatua ya 3: Kunja reli

Chuma kinachofaa ni fimbo za kuchomelea za TIG (aina mojawapo ya uchomeleaji wa umeme), za chuma laini zilizopakwa shaba. Unene wa mm 2.4 unatosha. Huuzwa zikiwa zimenyooka, kwa kawaida urefu wa mita 1, na ule mpako wa shaba hushika lehemu vizuri sana. Chuma cha pua kinang'aa na kinavutia, lakini lehemu inakikataa, kiache.

Fimbo ikikunjwa hujirudi kidogo. Kwa hiyo ili upate kona ya sm 25, ikunjie kwenye kitu cha mviringo kilicho kidogo kuliko hapo, sufuria au ndoo, ukijaribu na kulinganisha na mchoro. Usitumie koleo kwenye kona. Kila alama ya koleo ni kivunjo kidogo, na treni itakipiga kila mzunguko.

Jambo linalowashangaza wengi: katika duara kamili, reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani kwa sm 25 hivi, na tofauti hiyo haibadiliki hata duara likiwa kubwa au dogo. Inatokana na upana wa reli peke yake. Basi usikate fimbo mbili za urefu sawa ukitegemea zitakutana.

Viungo vya reli viunge kwa vipande vifupi vya mrija wa shaba ya njano ambamo fimbo inaingia kwa kubana. Mrija ni mnene kuliko reli, kwa hiyo ukishalehemu piga tupa juu na upande wa nje mpaka gurudumu lipite bila kuhisi. Kiungo cha kushoto kisikae mkabala na cha kulia; viachanishe walau sm 15, la sivyo reli itapata goti mahali hapo.

Hatua ya 4: Mataruma na mgongo

Taruma, yaani kile kipande kinachoziunganisha reli mbili, lisipite chini ya reli hadi nje. Vigurudumu vya chini vinahitaji njia safi upande wa nje. Likunje kila taruma liwe kama bakuli pana lenye kitako bapa, ncha zake ziguse reli kwa ndani na chini kidogo. Kitako kikae mm 10 chini ya reli. Kata yote kwanza, kama mia moja hivi, ukitumia kiolezo kimoja cha mbao chenye misumari. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato.

Umbali kati ya taruma na taruma ni sm 6. Tengeneza kibao chenye mifereji miwili iliyo mm 40 kati yake, kizibane reli hapo wakati unalehemu, kisha kisogeze mbele. Kibao hicho kina thamani kuliko kifaa chochote ulichonacho mezani. Upana ukitanuka kwa mm 1, treni inayumba. Ukibana kwa mm 1, inakwama. Pasi ya kulehemia ya wati 60 yenye ncha pana inafaa. Ndogo inapoteza joto yote kwenye chuma. Sugua kwanza mahali pa kulehemu kwa msasa laini, paka dawa ya kulehemia, na ukimaliza osha mabaki yake kwa maji ya moto, kwani yakibaki yanaleta kutu.

Chini ya mataruma pitisha fimbo ya tatu, mgongo, uilehemu kwenye kila kitako. Bila mgongo reli inanesa kama waya wa kuanikia nguo. Nguzo weka kila sm 25 hadi 30, na kwenye zile kona zilizoinuka weka kwa ukaribu zaidi.

Hatua ya 5: Njia ya umeme

Hapa usiwe na haraka.

Katika treni za kawaida za mfano, reli zenyewe hubeba umeme: moja chanya, nyingine hasi. Kwetu haiwezekani, maana mataruma ni chuma na yameziunganisha reli zote mbili. Ukiweka umeme hapo, ni shoti moja kwa moja. Tufuate njia ya rolakosta halisi: vyuma vya umeme vikae peke yake, reli ibaki ya kubeba uzito tu.

Nimejaribu utepe wa shaba wenye gundi. Unapendeza siku ya kwanza. Gundi yake haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kila mahali tepe mbili zinapopandana pana udhaifu, na baada ya muda kingo zinainuka na kunaswa na treni. Nimejaribu pia ukanda bapa wa shaba. Huo hukunjika juu na chini, lakini hauwezi kukunjika kando bila kujikunja kama utepe wa zawadi, na reli yetu inakwenda pande zote mbili.

Kilichofanya kazi ni waya mgumu wa shaba wa uzi mmoja, wa mm² 2.5, ule unaopitishwa ukutani kwenye nyumba, uliovuliwa plastiki. Funga ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, uvute kwa nguvu mpaka uhisi umelegea kidogo. Unanyooka kabisa na kuwa mgumu zaidi. Unakunjika upande wowote unaotaka, na upinzani wake kwa mita 6 ni ohmu 0.04 tu, maana yake volti unayoweka stesheni ndiyo utakayoikuta kilimani.

Juu ya kila taruma gundisha kijibao cha plastiki au plaiwudi cha mm 15 kwa 8, chenye vijifereji viwili vilivyoachana mm 10. Laza nyaya mbili humo, uzishike kwa gundi ya epoksi kidogo sana. Gundi isipande juu ya waya. Ikipanda, ikune kwa wembe siku hiyo hiyo. Ncha za waya zikikutana, zikutane juu ya kijibao, zichongwe ziwe sawa, na lehemu ipite kwa chini.

Waya wa chanya ukate mahali pawili, kabla na baada ya stesheni, uache pengo la mm 2. Jaza epoksi, ikikauka piga msasa isawazike na waya. Sasa stesheni ina umeme wake na mzunguko uliobaki una wake. Waya wa hasi usiukate.

Hatua ya 6: Mabehewa

Kila behewa lina sakafu ya plaiwudi ya mm 3, ekseli mbili zilizoachana mm 60, na magurudumu ya kipenyo cha mm 20. Pembeni mwa kila gurudumu, kwa nje ya reli, weka beringi ndogo yenye tundu la mm 3 iliyolala kifudifudi. Hiyo ndiyo inayoielekeza treni. Chini yake weka nyingine inayopita chini ya reli ili behewa lisinyanyuke. Acha nafasi ya nusu milimita kati ya beringi hizi na reli. Anayebana akidhani anaongeza usalama anaongeza msuguano tu.

Mabehewa yenye mota yana mota mbili kila moja, moja kwa kila ekseli. Nazungumzia zile mota ndogo zenye gia za aina ya N20, za volti 6 na mizunguko 500 kwa dakika. Kwa gurudumu la mm 20 hiyo ni karibu mita 0.5 kwa sekunde. Rolakosta halisi ya kilomita 40 kwa saa, ukiigawa kwa 24, ni mita 0.46 kwa sekunde, kwa hiyo kwa macho kasi yetu ni sahihi. Kuna hesabu nyingine, inayozingatia jinsi vitu vinavyoanguka, ambayo ingetaka zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Iache, kwa kasi hiyo treni inavuka meza nzima kabla hujaifurahia.

Magurudumu ya mota yavalishe pete za mpira. Tone moja la mafuta likigusa mpira au reli, ile 0.6 ya Hatua ya 1 imekwisha. Mafuta yaingie kwenye ekseli kwa ncha ya sindano, na si kwingineko.

Sasa kasoro ya mota zenye gia: treni inashuka kwa mwendo ule ule iliopandia. Gia inazuia mota isikimbizwe na mteremko, na unachokiona ni basi linaloteremka kwa gia ya kwanza. Wengine wanaridhika. Mimi sikuridhika. Dawa ni beringi inayoshika upande mmoja tu, ifungwe kati ya gia na gurudumu: mota inasukuma ikipanda, na treni ikikimbia kuliko mota, gurudumu linajizungukia. Ukiifunga hiyo, rudi kwenye mchoro wa kona. Treni inayofika kwenye kona ya sm 25 ikiwa na mita 1.2 kwa sekunde inataka mlazo wa nyuzi 30, sio 6. Na usitarajie tena kuirudisha treni kinyumenyume kwa kugeuza nyaya. Kwa mfano wa kwanza, nakushauri ukubali mwendo wa basi.

Mabehewa yaunganishe kwa waya laini wa chuma uliopita kwenye vitundu vyenye nafasi, ili yakunjike juu, chini na kando.

Hatua ya 7: Vigusio

Kigusio ni ulimi unaosugua waya wa umeme. Chukua kipande cha bati jembamba la springi, lehemu juu yake utepe wa shaba uliosukwa, ule mafundi wanaotumia kunyonya lehemu iliyoyeyuka. Upana wa mm 6 unatosha.

Mahali pa kukiweka pana siri. Fundi anayeanza hukiweka katikati ya behewa kwa sababu ndipo penye nafasi. Lakini behewa ni mstari mnyoofu juu ya reli iliyopinda. Kwenye kilele cha nusu kipenyo cha sm 30, katikati ya behewa letu inakaribia reli kwa mm 1.5, bondeni inaachana nayo kwa mm 1.5 nyingine. Kwenye kona ya sm 25, katikati inahama kando kwa mm 1.8. Kigusio kilichokaa hapo kitabanwa, kitaachwa hewani, kitakokotwa pembeni. Kiweke karibu na ekseli uwezavyo, ambako behewa halina budi kuifuata reli. Hata hivyo kipe ulimi wenye uwezo wa kupanda na kushuka mm 3.

Nguvu ya kila ulimi iwe kama gramu 10. Kumbuka kwamba ulimi unapokandamiza waya unalinyanyua behewa. Ndimi mbili za gramu 10 zinalipunguzia behewa la gramu 110 karibu sehemu moja ya tano ya mshiko wake. Kwa mpango wetu bado tunapanda. Kwa ndimi kali za gramu 30 tusingepanda.

Weka jozi moja ya vigusio kwenye behewa la mbele na nyingine kwenye behewa la nyuma, mota ziwe kwenye mabehewa hayo hayo mawili, kisha unganisha nyaya treni nzima: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, waya laini wenye nyuzi nyingi usiozuia mabehewa kukunjika. Jozi moja ikipita kwenye vumbi, nyingine inalisha mota zote nne.

Utaulizwa kwa nini usiweke kapasita kubwa itunze umeme wa kuvukia vumbi. Hesabu yake inakatisha tamaa. Kapasita ya mikrofaradi 2200, mota zikila ampia 0.4, inashuka kutoka volti 6 hadi 4 ndani ya milisekunde 11. Kwa kasi yetu huo ni mwendo wa mm 5.5. Vigusio viwili vilivyoachana sm 20 na zaidi vinafanya kazi hiyo mara nyingi zaidi, bila kununua kitu. Tena, kapasita hiyo ikikutana na kidhibiti kinachokata umeme vipande vipande, kama tutakachotumia, inavuta mikondo mikali kila kipande kinapoanza. Weka kapasita ndogo tu za nanofaradi 100 kwenye ncha mbili za umeme za kila mota, zizime kelele ambazo cheche za mota huleta kwenye redio.

Hatua ya 8: Chanzo cha umeme na swichi

Tumia adapta iliyofungwa kiwandani ya volti 6 hadi 9 na ampia 2 au 3. Umeme wa ukutani usiusogeze kwenye reli kwa namna yoyote, hata kupitia transfoma uliyoifungua na kuifunga mwenyewe. Baada ya adapta weka fyuzi ya ampia 2, kisha kidhibiti cha kasi cha mota, kile cha kukata umeme vipande, chenye kitufe cha kuzungusha. Fyuzi si pambo: kibanzi cha chuma kitaanguka kati ya nyaya mbili siku moja, na bila fyuzi vijibao vyako vitaanza kutoa moshi.

Waya wa kwenda kwenye mzunguko uende moja kwa moja kutoka kwenye kidhibiti. Waya wa kwenda stesheni upite kwenye swichi. Swichi ikiwa wazi, yaani imekata umeme, treni inaingia stesheni na kusimama, ukiifunga umeme upite, inaondoka. Ukiiacha imefungwa, inapita na kuanza mzunguko mwingine. Angalia lakini: vigusio vya mbele na vya nyuma vimeunganishwa, kwa hiyo kipande cha stesheni lazima kiwe kirefu kuliko umbali kati ya jozi hizo mbili, tena kwa sm 15 hivi. Kikiwa kifupi, jozi ya nyuma itakuwa bado nje, ikiendelea kulisha mota, na treni haitasimama. Stesheni iwe tambarare pia. Treni yenye gia inajishika kidogo ikizimwa, ila yenye beringi za upande mmoja itateleza.

Hatua ya 9: Majaribio

Kwanza bila umeme. Isukume treni kwa kidole kimoja mizunguko 20, polepole, ukisikiliza. Kila mahali panapogota paweke alama ya kalamu. Upime upana wa reli hapo kabla ya kulaumu behewa.

Kisha jaribio ninalolipenda. Fungua nyaya za mota, na mahali pake weka taa ndogo ya LED yenye rezista, ikilishwa na jozi moja tu ya vigusio. Zima taa za chumba, washa umeme, usukume treni kwa mkono huku simu ikirekodi video. LED haina subira kama mota. Mguso ukipotea hata kidogo inakonyeza. Tazama video polepole. Utaiona ramani nzima ya makosa yako: hapa gundi imepanda juu ya waya, pale kijibao kimekaa chini, kule kiungo hakikupigwa tupa. Rekebisha mpaka taa iwake mfululizo, kisha rudia kwa jozi ya pili. Jioni mbili za kazi hii zinakuondolea miezi ya kuisukumasukuma treni kwa kidole mbele ya wageni.

Sasa rudisha mota. Kabla ya kuiweka treni relini, hakikisha mota zote nne zinazunguka kuelekea upande mmoja. Moja ikiwa kinyume, zitashindana na fyuzi ndiyo itakayoamua. Anza na kasi ndogo kuliko unayotaka. Treni ikikwama kwenye kilima huku magurudumu yanazunguka, futa reli na mipira kwa spiriti. Ikikwama na magurudumu hayazunguki, tatizo ni umeme, rudi kwenye LED. Usiongeze volti kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Hatua ya 10: Kuitunza

Kabla ya kila onyesho pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye nyaya za umeme na juu ya reli. Msasa usiutumie tena baada ya ujenzi, maana unaacha mikwaruzo ambayo vumbi jeusi hujificha humo. Utepe wa kusuka wa vigusio huisha. Ukiona bati la springi linaanza kung'aa chini yake, vua uweke mwingine, kazi ya dakika 10. Mimi huhifadhi vinne vilivyokwisha kulehemiwa ndani ya kikopo, kilichogundishwa chini ya meza, upande wa stesheni.